Mkono wa Komeo

Kila mchana, wateja wakipungua, huwa najilaza kwenye kiti changu cha kunyolea, nageuzia uso ukutani ili kioo kisinione, na haupiti muda Komeo ananijia. Ananijia kwa adabu zake zilezile. Ndotoni mimi bado nina miguu ya miaka ishirini na mitano. Mpira uko kwangu, uwanja mzima una ukungu, nyasi zimelowa, na goli liko wazi mbele yangu kama mlango wa nyumba ya ndugu. Nageuka nipige. Huyo hapo, amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Hanigusi. Naenda kushoto, nakuta ameshafika. Naenda kulia, yuko hapo tangu jana. Mwisho nachoka, naamka na jasho la miaka yote hiyo, na mke wangu, kama amepita kuniletea chai, ananiuliza, "Amekunyang'anya tena?"

Namjibu kwamba hajawahi kuninyang'anya hata siku moja. Hapo ndipo penye maudhi. Komeo hakuwa mtu wa kunyang'anya mpira. Alikuwa mtu wa kukaa pale ulipotaka kwenda, mpaka wewe mwenyewe unaona haya, unampa.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani namsifu rafiki kwa upendeleo. Mimi nilikuwa mshambuliaji, tena mwenye maneno mengi, na yeye alikuwa beki wa timu ya ng'ambo ya pili ya barabara. Tulikutana mara ishirini na mbili. Mabao niliyoifunga timu yake, yeye akiwa uwanjani, ni moja tu, na hilo moja lilikuwa la fainali. Ndilo lililonipa jina. Mpaka leo naitwa Bao, na juu ya mlango wa duka langu pameandikwa KINYOZI BAO kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Aliyeziandika herufi hizo ni Komeo mwenyewe, maana kazi yake ni kupaka rangi na kuandika vibao.

Utaniuliza ni mtu wa namna gani huyo, anayeandika kwa mkono wake jina la bao alilofungwa. Hata mimi nimejiuliza hivyo kwa miaka thelathini na mmoja.

Brashi aliirithi kwa baba yake. Hufika kazini kabla mwenye nyumba hajapiga mswaki. Anasogeza viti mwenyewe, anatandaza magazeti sakafuni, na kabla ya kufungua kopo la rangi hugonga kifuniko mara tatu kwa vidole, kama anabisha hodi. Akianza kupaka huimba kwa puani wimbo mmoja usio na maneno, na akiacha kuimba ujue amekosea mahali. Hana haraka. Niliwahi kumkuta amekaa mbele ya ukuta mweupe, brashi mapajani, anautazama tu. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Ukauke, nione umenijibu nini."

Lakini roho ya kazi yake ni kamba. Ni uzi mwembamba wa pamba anaousugua chaki. Mtu mmoja anashika mwisho huu, mwingine anashika ule, unakazwa, kisha Komeo anauvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Ukutani unabaki mstari ulionyooka ambao hata jicho la fundi ramani haliwezi kuukosoa. Komeo haamini macho, anaamini kamba. Mimi nadhani hata mpira aliucheza hivyo. Kati ya mpira na goli aliiona kamba iliyokazwa, akaenda kusimama juu yake, basi, kazi imekwisha.

Alicheza miaka kumi na minne bila kadi nyekundu. Hakuteleza chini, hakushika mtu jezi, hakumtukania mtu mama yake, ingawa mimi nilimtukania wake na wa jirani yake. Marehemu mkewe alikuwa akituchekea sisi washambuliaji, anasema mume wake anarudi nyumbani na bukta safi kuliko ya refa. Na sisi tuliokuwa tukikabwa naye tulirudi na bukta safi vilevile, kwa kuwa hakutuangusha. Hakuna aliyeliona hilo wakati ule. Nani atahesabu bukta safi?

Sasa, kwenye ukumbi wa mtaa wetu kuna ukuta tunaouita Ukuta wa Heshima. Zimetundikwa picha za wachezaji wa timu zote mbili waliostahili kukumbukwa. Kamati ina watu saba, na jina likipata mikono mitano linapita. Likikataliwa mara tatu, ndiyo basi, halirudi tena mezani. Komeo alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Mara zote mbili mimi nilikuwa ndani ya kamati, mara zote mbili nilinyoosha mkono kumkubali, na mara zote mbili nilifunga mdomo wangu kama aliyetiwa gundi.

Kilichomponza ni picha yangu. Iko katikati ya ukuta, kubwa kuliko nyingine, na sitajifanya siipendi. Mimi niko hewani, mdomo wazi, wavu umefura, jasho limenichora kichwani mpaka miguuni. Nyuma yangu, nje kidogo ya mahali ambapo macho ya mtu yanakimbilia, yupo Komeo. Amesimama wima, mkono wa kulia ameunyoosha juu. Haniangalii mimi wala mpira. Anaangalia chini, pembeni, kwenye nyasi.

"Beki gani huyo," fundi redio, mmoja wa sisi saba, alikuwa akisema kila jina la Komeo lilipotajwa, "fainali, dakika ya themanini, mtu anakwenda kufunga, yeye amesimama amenyoosha mkono kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni?"

Watu walicheka, mimi nikacheka nao, na mikono ikawa mitatu, siku nyingine minne.

Wiki ya mkutano wa tatu, binti yake Komeo alikuja dukani kwangu. Ni muuguzi, na baada ya mama yake kufariki alirudi kuishi na baba yake. Alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe, macho mekundu ya kukesha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo kiasi. Jicho la kushoto ndiyo hivyo, limeshakuwa kama maziwa. La kulia daktari anasema litafuata." Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. "Baba mdogo, baba amefua jezi yake."

Nikamwambia kufua jezi si habari.

"Ile ya zamani. Imekaa sandukuni tangu sijazaliwa. Mimi nilipomwambia jina lake linarudi kwenye kamati, akanijibu eti hana haja, hayo ni mambo ya wenye muda. Nikaamini. Leo asubuhi nimerudi, nimeikuta kwenye kamba ya nguo. Ameifua mwenyewe, kwa mkono. Saa hizi ninavyoongea ameshaipiga pasi, ameitundika nyuma ya mlango, na anajifanya haioni."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka chini.

"Anataka, baba mdogo. Anataka sana, na anataka kabla jicho la pili halijaenda, auone huo ukuta." Kisha akaniangalia kupitia kwenye kioo, si moja kwa moja, na kioo cha kinyozi kina ubaya wake, hakina pa kujificha. "Kwani siku ile ya fainali ilikuwaje? Nimemuuliza tangu nikiwa mtoto, hasemi. Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye kuliko wote."

"Nilikuwa na shughuli ya kufunga," nikasema.

Hakucheka. Akaniaga kwa heshima zote, akaenda kulala, na mimi nikakaa kwenye kiti changu bila usingizi wowote kunijia. Niliona aibu. Sina neno jingine la kulipamba.

Hebu niseme basi, kwa maana hata mke wangu nilikuwa nimemficha.

Uwanja ule ulikuwa wa timu zote mbili, na aliyechora mistari yake alikuwa Komeo, kila mechi, hata zile alizocheza mwenyewe. Ndiye aliyekuwa na kamba, ndiye aliyejua kukoroga chokaa. Asubuhi ya fainali alinigongea dirishani. Alihitaji mtu wa kushika mwisho wa pili, na mimi nilikuwa nakaa karibu. Kwamba jioni tungekuwa maadui, hilo halikumjia akilini. Lilinijia mimi, lakini nilikwenda.

Sijawahi kuona ukungu kama wa asubuhi ile. Nilishika kamba, yeye akatembea nayo, akamezwa. Sikumwona tena. Niliona kamba tu ikitoka mikononi mwangu na kupotelea kwenye weupe, ikitetemeka kidogo, na kutoka huko ndani sauti ikasema, "Kaza." Nikakaza. Mpaka leo nikisinzia naisikia. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilidhani dunia nzima imebaki na watu wawili na uzi mmoja kati yao.

Tulipofika upande wa mtaro, sauti ikasema, "Sogea ndani hatua moja."

"Kwa nini?"

"Mtaro umekula ukingo. Mtu akitumbukia humo anavunjika mguu. Leo mstari upite ndani."

Nikasogea hatua moja nzima. Akachora. Nyasi zilizobaki nje ya mstari zikawa nje, ingawa zilikuwa za kijani sawasawa na za ndani.

Kipindi cha kwanza wote tuliuona mstari ule. Wakati wa mapumziko mvua ikamwagika, ikakata, tukarudi. Upande wa mtaro chokaa yote ilikuwa imekwenda na maji. Mshika kibendera akawa anafuata mahali nyasi zinapoishia, na hakuna aliyempinga. Watu ishirini na wawili walikuwa wameuona mstari mpya, lakini nani anakumbuka mstari ambao hakuuchora yeye?

Dakika ya themanini nikapata mpira upande ule. Ukanitoka mguuni kidogo, ukaenda pembeni, nikaufuata, nikaurudisha ndani. Ulikuwa umetoka. Sikudhani, nilijua, kwa viganja hivi vilivyoshika kamba. Na Komeo alijua. Akasimama pale pale, akanyoosha mkono. Katika maisha yake yote ya mpira, hiyo ndiyo mara pekee aliyosahau kwamba kipenga ni cha refa. Aliyesimama pale alikuwa mchora mistari, beki alikuwa ameachwa nyuma.

Niliuona mkono wake ukipanda. Nikapita chini yake, nikafunga.

Baada ya wiki moja alikuja kunyolewa. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kazi hii, mkono haujakomaa. Nikafika kisogoni. Kisha akasema, "Kile kipande cha upande wa mtaro, mvua ilikifuta chote."

"Eeh," nikasema.

"Chokaa ilikuwa nyepesi. Nilitia maji mengi."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Badala yake nilimuuliza kama nipunguze na pembeni. Akasema nipunguze. Hatukulizungumza tena. Nilipofungua duka langu mwenyewe alikuja na brashi zake, akapanda ngazi, akaniuliza niandikiwe nini, nami bila haya nikamwambia. Akagonga kopo mara tatu, akaandika.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Jua lilikuwa la kulegea, lile linalowafanya hata nzi watembee badala ya kuruka. Ukumbi ulinuka rangi mbichi, kwa sababu mtaa ulikuwa umeamua kuupaka upya, na mpakaji rangi si unamjua. Kanuni inasema mtu anayejadiliwa asiwepo ndani. Basi hakuwepo ndani. Alikuwa barazani, hatua tatu kutoka dirishani, anapaka nguzo, na wimbo wake wa puani unatufikia wote kama redio ya jirani. Picha zilikuwa zimeshushwa, zimeegemezwa ukutani chini, nyuso zikitutazama magotini.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kupanga kalamu zake kwa urefu. Akasoma jina. Akakumbusha kwamba hii ni mara ya tatu. Kisha akampa nafasi fundi redio, kwa sababu asipompa huichukua.

Fundi redio si mtu mbaya. Ni mtu wa daftari. Ana mechi zote humo tangu akiwa kijana. Akalilowesha dole gumba kwa ulimi, akafungua.

"Nitasema bila chuki. Mshambuliaji nitamhesabia mabao. Kipa nitamhesabia mashuti aliyodaka. Huyu nimhesabie nini? Mabao, sifuri. Pasi za bao, sifuri. Penalti hakupewa hata moja apige."

"Mhesabie ambayo hayakufungwa," akasema mwalimu.

"Mwalimu, kama ni hivyo hata mimi nipandisheni ukutani. Sijawahi kufungwa bao maisha yangu yote."

Watu wakacheka. Dereva mstaafu aliyekuwa karibu yangu akasema beki ni kama breki, huwezi kulisifia gari zima halafu ukaidharau breki.

"Sawa," fundi redio akajibu, "na breki iliyokataa mara moja, kwenye mteremko, siku ya fainali? Utaisifia hiyo?" Akainama, akaichukua picha yangu pale chini, akaisimamisha mezani. "Mimi sina neno na miaka kumi na minne. Nina neno na huu mkono. Anielezee mtu yeyote huu mkono unafanya nini hapa, nitafunga daftari."

Nje, wimbo ulikuwa umekatika.

Nilimwangalia yule kijana aliye hewani kwenye picha, mdomo wazi, mwenye furaha kuliko nitakavyokuwa tena. Nilimpenda sana. Nilijua nikisimama ndiyo namuaga.

Nikasimama.

"Mpira ulitoka," nikasema.

"Mpira upi?"

"Huo. Ulitoka nje hatua nzima kasoro kidogo. Mstari ulisogezwa asubuhi ile kwa ajili ya mtaro, mvua ikaufuta. Aliyeuchora ni Komeo. Aliyeshika kamba ni mimi. Alinyoosha mkono kwa sababu mpira ulitoka, na mimi niliuona mkono, na nilijua, nikaenda kufunga."

Nilipoanza sikuweza kunyamaza, nikasema na ya chokaa, na ya kisogo, na ya kibao cha duka. Nikasema mara mbili hapa mezani nilimnyooshea mkono na nikamnyima ulimi. Nilipomaliza nikakuta nimeshika kiti kwa mikono miwili, na machozi yananitoka, mtu mzima, kinyozi, mbele ya dereva mstaafu.

Fundi redio alikuwa ameachama. Mwalimu akapanga kalamu zake upya. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Komeo, ingia tu. Najua unasikia."

Akaingia, brashi mkononi, kiganja kingine chini yake kuzuia matone. Akasimama mlangoni. Kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, hakuweza kuiweka nyuma, na mara ya kwanza nikamwona kama mtu asiyejua asimame wapi.

"Siku ile mpira ulitoka?" mwalimu akamuuliza.

"Ulitoka."

"Na miaka yote hii hukusema!"

Komeo akafikiri, kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa rangi gani inafaa chumba.

"Nilinyoosha mkono," akasema.

Fundi redio akaitazama upya ile picha.

"Refa hakuangalia," Komeo akaendelea. "Na kosa ni langu vilevile. Chokaa nilitia maji mengi. Ingekuwa nzito isingefutika yote."

"Komeo," nikamwambia, "chokaa haikuwa na kosa."

Akanigeuzia jicho lake zima. Mabega yake yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyetua ndoo.

Mwalimu akakohoa. "Wanaokubali jina hili liende ukutani, wanyooshe mikono."

Wangu ulikuwa umeshapanda kabla hajamaliza. Ukafuata wa dereva, wa mwalimu mwenyewe, na wa wengine watatu. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kwa pembeni, na vivuli vya mikono yetu vikapanda kwenye ukuta mweupe, virefu, vimenyooka. Fundi redio alibaki peke yake. Akafunga daftari lake taratibu, akalibana kwa mpira wake wa kubania, kisha akanyoosha mkono kwa nguvu mpaka kwapa la shati likalia.

"Mtu anayeona mstari uliofutika," akanung'unika, "sijui hata nimwandike safu gani."

"Mikono saba," mwalimu akasema.

Komeo alikuwa ametazama mikono yote ile. Alianza na wa kwanza akaenda mpaka wa mwisho, polepole, anageuza shingo kwa ajili ya jicho bovu. Kisha akaangalia chini, pembeni, vilevile kama kwenye picha. Tone la rangi likadondoka sakafuni, yeye asilione. Sikuwahi kumwona akidondosha tone.

Nikawaambia picha yangu isirudishwe ukutani. Hapo ubishi ukaanza upya, na fundi redio akachangamka kama aliyezaliwa mara ya pili. Ikaonekana kwamba Komeo hana picha nyingine yoyote akiwa uwanjani. Wapiga picha walifuata mabao, na mabao hayakuwa anakokaa yeye. Basi wakaamua picha ibaki ileile, irudi mahali pale pale, na chini yake yaandikwe majina mawili, la kwake likitangulia.

Habari ilifika dukani kwangu kabla yangu. Jumatatu mteja wa kwanza alikaa kwenye kiti, akaniuliza kama leo nanyoa ndani au nje. Wa pili akaniita Bao la Mtaroni. Nimezoea kidogo, siwezi kusema nimezoea sana. Mke wangu hakunisema, alinitazama tu siku mbili nzima, kisha siku ya tatu chai ikarudi kuwa na sukari.

Komeo alipopita nikamwomba apande ngazi alifute lile neno juu ya mlango. Akatazama kibao chake, kivuli cheusi, wekundu ambao haujapauka.

"Refa alikubali," akasema. "Bao ni bao. Halafu hiyo kazi niliifanya vizuri, siifuti."

"Sasa mimi nifanye nini, Komeo?"

"Kesho asubuhi njoo ukumbini. Nataka kupiga mstari wa kutundikia picha. Jicho langu halifiki mwisho wa pili wa kamba."

Nilifika kabla ya jua kupata nguvu. Madirisha yalikuwa bado yamefunikwa magazeti, na mwanga ulioingia ulikuwa wa maziwa maziwa, ukuta mweupe, vumbi la chaki limetanda hewani. Alikuwa amevaa ovaroli lake, na shingoni, chini ya kola, niliona jezi iliyopigwa pasi. Nikajifanya sikuiona. Akanipa mwisho wa kamba, akatembea na mwingine, mpaka kona ya mbali, na pale alipofika akawa kivuli tu.

"Kaza," akasema.

Nikakaza.

"Nisogee ndani hatua moja?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Nikasikia akicheka, kwa puani, kama anavyoimba. "Leo hapana. Baki hapo hapo."

Akarudi mpaka katikati akipapasa kamba kwa vidole, akaivuta, akaiachia. Ikalia. Vumbi likashuka polepole, nasi tukangoja lishuke. Akasogeza uso karibu na ukuta, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaacha kujaribu.

"Umenyooka?" akaniuliza. "Unauona?"

"Nauona," nikamwambia. "Nauona wote."